Rekoda 11 na chumba kimoja: jinsi ya kujenga onyesho la sauti litakalodumu wiki nne

Swali: Nina rekoda 11 za kanda, nyingi zikiwa zile bapa za kubebeka zenye mpini, na mashine mbili za rili, zile za utepe ulio wazi. Nina pia kanda kama 60: sauti za familia, harusi, mahubiri na vipindi vya redio vilivyorekodiwa nyumbani. Nimepewa chumba cha mita 4 kwa 6 kwa wiki nne hapa Nairobi. Nataka utepe wenyewe uonekane ukipita ukutani, na sauti zianze mtu anapokaribia. Fundi wa redio ameniambia mashine hizo zitakufa siku ya tatu. Je, ni kweli? Nianzie wapi? *Msomaji, Umoja*

Jibu: Fundi wako ana hoja, na hesabu inamuunga mkono. Wiki nne, siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku, ni saa 192 za kazi. Rekoda ndogo iliundwa kwa mtu anayesikiliza kanda moja mbili kisha anaizima. Kitanzi cha utepe cha sekunde 20 kikizunguka bila kukoma hupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, mara 180 kwa saa, yaani mara 1,440 kwa siku. Oksidi, yaani ule unga wa sumaku unaobeba sauti, itaanza kubanduka, sauti kali zitafifia, kiungo cha utepe kitalegea, na mota itapata moto hadi kasi ianze kuyumba. Kwa hiyo jenga ukiifikiria Jumatano ya wiki ya tatu, wakati wewe hupo na mhudumu wa ukumbi ndiye mwenye funguo. Usiku wa ufunguzi usikutie wasiwasi. Usiku huo kila kitu hufanya kazi.

Uamuzi wa kwanza utakuuma kidogo: usitumie rekoda zote 11. Weka sita kazini, mbili za akiba zikiwa zimekaguliwa na kuwekwa tayari, na tatu uzivunje upate vipuri: magurudumu ya mpira, mota, spika, springi, hata skrubu. Zile sita zichague kwa kufanana kwa volti na kwa muundo wa ndani, maana vipuri vya moja lazima viingie kwenye nyingine. Rekoda yenye sura nzuri isiyo na mwenzake ikae kwenye rafu kama pambo, isiwashwe.

Okoa kanda kabla ya kugusa kitu kingine

Kanda asili zisiingie ukumbini hata moja. Kabla hujazicheza, vunja vile vidole viwili vya plastiki kwenye mgongo wa kila kanda, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi juu ya harusi ya shangazi yako. Kisha zihamishe zote kwenye kompyuta kwa kutumia mashine yako iliyo bora kuliko zote. Toa sauti kwenye tundu la hedifoni, sauti ikiwa nusu au chini yake, uipeleke kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini (line in). Tundu la maikrofoni la laptopu halifai: hujaa haraka na kuikwaruza sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa faili za WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stirio kwa kiwango hicho ni takriban gigabaiti 1, hivyo kanda 60 za saa moja zitakula kama gigabaiti 62. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Kabla ya kucheza kanda iliyokaa miaka, izungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachane. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe kupitia dirisha la kanda, hiyo ni kuvu. Itenge, usiicheze, kwa sababu itahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kanda zote zinazofuata. Kanda yenye sauti butu mara nyingi haijaharibika. Imerekodiwa na mashine ambayo hedi yake imeinama tofauti na yako. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Ukiwa unasikiliza, izungushe taratibu, chini ya robo mzunguko kila upande, mpaka herufi "s" na "ch" zisikike kali kuliko awali. Na kama kile kipande cha felti kinachosukuma utepe kwenye hedi kimebanduka, hamisha utepe kwenye ganda lingine lenye skrubu tano.

Kufufua rekoda

Ukifungua rekoda iliyokaa kabatini miaka 30, karibu kila mara utakuta beliti imeyeyuka ikawa ute mweusi unaoshika kila kitu. Ufute kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mpaka puli zing'ae. Alkoholi ya kusafishia vidonda ya duka la dawa wakati mwingine huongezwa mafuta. Soma chupa kwanza, kwani mafuta hayo yakifika kwenye kapstani, ule mhimili mwembamba unaovuta utepe, utepe utateleza.

Beliti mpya ipime kwa uzi. Pitisha uzi pale beliti ilipokuwa ikipita, kuzunguka puli ya mota na gurudumu zito, pima urefu wake, kisha tafuta beliti iliyo fupi kwa kama asilimia 5. Njia ya milimita 200 inataka beliti ya milimita 190. Ikikaza kupita kiasi hula bushi ya mota; ikilegea, sauti huyumba. Gurudumu zito kwa kawaida hutaka beliti bapa ya upana wa milimita 4 au 5, na mihimili mingine beliti ya mraba ya milimita 1.2 hivi. Kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue nenda na uzi wako uliopima au beliti ya zamani kama bado ina umbo. Raba za kufungia pesa usizijaribu: unene wake hauko sawa, kasi itapanda na kushuka kila mzunguko, na ndani ya wiki zitakatika.

Hedi, kapstani na gurudumu la mpira zisafishwe kwa alkoholi ile ile, mpira ukifutwa haraka na kukaushwa. Kitu kinachosahaulika ni swichi ndefu ya kuteleza iliyo kwenye bodi, ile inayobadilisha kati ya kurekodi na kucheza. Ina miguso mingi, na ikishika kutu rekoda hutoa mkwaruzo, au hukaa kimya kabisa huku mota ikizunguka. Pulizia dawa ya kusafishia miguso, stima ikiwa imezimwa, kisha iteleze mara 30 hivi.

Kuhusu stima ya rekoda, ushauri wangu ni kuacha kabisa lile tundu dogo la adapta. Rekoda nyingi za zamani zina hasi katikati ya tundu, adapta nyingi za sasa zina chanya katikati, na kosa moja huua bodi kwa sekunde. Lehemu waya mbili moja kwa moja kwenye miguso ya betri, ambako alama za chanya na hasi zimeandikwa wazi. Betri nne ni volti 6, tatu ni 4.5, sita ni 9.

Kasi irekebishe mwisho, mashine ikishapata joto. Mota nyingi zina kitundu kidogo nyuma na ndani yake skrubu ya plastiki. Cheza kanda yenye mlio uliorekodiwa kwenye mashine nzuri, pima kwa programu ya simu ya kutunia gitaa, zungusha. Tofauti ya asilimia 6 ni nusu toni nzima na kila mtu ataisikia. Chini ya asilimia 2 kwenye sauti ya mazungumzo hakuna atakayejua. Halafu iache kila rekoda icheze saa nane mfululizo nyumbani. Itakayochemka au kuyumba iende kwenye kundi la vipuri bila huruma.

Vitanzi

Utepe wa kanda una upana wa milimita 3.81 na hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Kumbuka namba hiyo ya pili, maana ndiyo itakayopanga chumba chako chote. Sekunde 20 ni sentimita 95. Sekunde 45 ni mita 2 na sentimita 14. Ukitoa utepe nje ya kanda, ukaupeleka mita 3 ukutani na kuurudisha, hizo ni mita 6, sawa na dakika 2 na sekunde 6. Kuzunguka chumba chako chote, mita 20, kungekupa dakika 7. Usijaribu, sababu inakuja.

Tumia utepe wa kanda za C60 (za dakika 60) tu. Una unene wa mikroni 18 hivi. C90 ni mikroni 12, na C120 ni 9, wembamba unaojisokota kwenye kapstani kwa mguso mdogo. Kwanza rekodi sauti kutoka kompyuta kwenye kanda safi, ukiacha sekunde moja ya kimya mwanzoni na mwishoni. Kisha vuta utepe nje, tia alama kwa penseli ya nta upande wa mgongo, na ukate. Kiungo kikianguka kwenye ile sekunde ya kimya, mlio wake hautasikika.

Jinsi ya kuunga: laza ncha mbili zikipandana kwenye mfereji wa upana wa milimita 4 hivi (vipande viwili vya rula ya plastiki vilivyogundishwa ubaoni vinatosha), kata zote mbili kwa pamoja kwa wembe mpya, kwa mshazari wa digrii 45, ondoa mabaki, zikutanishe bila pengo wala kupandana. Bandika sentimita 2 za selotepu maalumu ya kuungia upande wa mgongo, upande usio na oksidi, na uisugue kwa ukucha. Selotepu ya ofisini gundi yake hutoka pembeni kwa joto, hugandisha tabaka na kuchafua hedi. Ukikosa ile maalumu, ile ya manjano ya poliesta inayofungiwa transfoma, ikichongwa iwe nyembamba kuliko utepe kwa unywele mmoja, hufaa kwa siku moja moja. Kabla ya kufunga, hakikisha utepe haujajipinda. Kitanzi chenye msokoto wa nusu hucheza vizuri mzunguko mmoja, kisha mzunguko unaofuata oksidi inatazama nje na unasikia mnong'ono tu. Watu hubadilisha hedi nzima wakitafuta kosa hilo.

Kitanzi kifupi kabisa hukaa ndani ya ganda lenyewe: fungua skrubu tano, ondoa utepe wote, acha magurudumu mawili ya katikati na vile vidogo vya pembeni, uzungushie kitanzi cha sentimita 24 hivi. Ni sekunde 5. Kikaze tu kiasi cha kutoning'inia. Kikikaza zaidi kapstani haitaweza kukivuta. Kwa neno moja lililorudiwa, kwa kicheko, kwa kengele ya kanisa, sekunde 5 ni nyingi.

Kitanzi kinachotoka nje ndicho unachokitaka ukutani, na hapa ndipo maonyesho mengi ya aina hii hukwama. Ng'oa kifuniko cha rekoda. Kwenye ganda tupu kata matundu mawili pembeni, kushoto utepe unapoingia na kulia unapotokea, ukiacha felti na kile kibati chake mahali pake. Magurudumu ya katikati yaondoe. Mihimili ya rekoda itazunguka bure, na kwa mashine nyingi hilo halishtui kizimio cha kujiendesha, kwa sababu kizimio husubiri mhimili ukwame.

Tatizo ni msuguano. Utepe ukizunguka nusu duara kwenye pini isiyozunguka, mvuto unaohitajika upande wa pili huwa karibu mara 2.2, ukichukulia msuguano wa kawaida wa 0.25. Pini mbili ni karibu mara 5. Nne ni mara 23. Kapstani ya rekoda ndogo haina nguvu hizo: utepe huteleza, sauti hushuka, kisha huliwa. Ndiyo maana misumari iliyopangwa vizuri ukutani hupendeza kwenye picha na kufa mchana huo huo. Kila kona iwe na gurudumu linalozunguka kweli. Beringi ndogo hupatikana Kirinyaga Road. Zioshe grisi yote kwa petroli, nje, mbali na moto, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani, kwa kuwa grisi ya kiwandani ni nzito kwa utepe. Fundi wa kerezo anaweza kukuchongea magurudumu ya nailoni au shaba nyeupe yenye kingo, mfereji wa milimita 4 na kipenyo cha sentimita 2 au zaidi. Mgongo wa utepe ndio uguse gurudumu. Oksidi iguse hedi tu. Magurudumu yote yawe kwenye usawa mmoja kamili: moja likiinama milimita moja, utepe hupanda juu ya kingo na kukunjika kwa urefu, na hapo hauponi.

Mvuto usawazishe kwa gurudumu moja linaloning'inia kwenye mkunjo wa utepe, likiwa na nati mbili au tatu za M6 kama uzito. Linapanda na kushuka lenyewe utepe ukirefuka kwa joto la mchana. Anza na njia ya mita 1.5 yenye magurudumu matatu. Ikikaa saa nzima bila kuyumba, ongeza mita. Mimi ningekoma kwenye mita 6 kwa kila rekoda, na njia mbili za aina hiyo chumbani, zile rekoda nne nyingine zikibaki na vitanzi vya ndani. Macho yatashiba na mhudumu hatalia.

Mambo matatu zaidi kuhusu utepe ulio wazi. Usipite karibu na spika kwa chini ya sentimita 30, sumaku yake itakula sauti kali. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, utepe hushika umeme tuli na kujibandika ukutani, hivyo utenge na ukuta kwa sentimita 5. Na feni au mlango unaopigwa na upepo utauchezesha utepe mpaka utoke njiani.

Stima na vihisi

Njia ya kupunguza zile saa 192 ni kuzifanya mashine zilale mtu asipokuwepo. Unaacha kitufe cha kucheza kimebonyezwa, na stima yenyewe ndiyo inayowashwa na kuzimwa. Mota ikipata stima, sauti huanza nzito kisha hupanda hadi mahali pake kwa nusu sekunde hivi. Usijaribu kuliondoa hilo, ndilo litakalowafanya wageni wageuke.

Nunua pawa saplai moja ya volti 12 na ampea 5, na kwa kila rekoda bodi moja ya kushusha volti ya LM2596. Iweke kwenye volti ya rekoda zako, mathalani 6.0 kwa zile za betri nne, kwa multimita kabla ya kuunganisha rekoda, kwa kuwa bodi hizo zikitoka dukani huweza kuwa kwenye volti yoyote. Kihisi cha mwendo cha HC-SR501 kinakubali volti 12 moja kwa moja na kutoa ishara ya volti 3.3, ambayo inatosha kufungua transista ya IRLZ44N inayokata waya hasi wa rekoda. Kati ya kihisi na geti (mguu wa transista unaopokea ishara) weka rezista ya omu 220, kutoka geti hadi hasi weka kiloomu 10, na daiodi ya 1N4007 kinyume kwenye waya za rekoda. Kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 16 kwenye mlango wa kutokea wa kila LM2596, na ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya mota, zitaondoa sehemu kubwa ya mvumo. Fyuzi ya ampea 1 kwa kila tawi.

Kwenye kihisi, weka kile kiunganishi kidogo upande wa H ili muda uanze upya kila mtu anaposogea, na muda wenyewe uwe sekunde 90 hivi. Kikipata stima hukaa kama dakika moja kikijipanga, kikiwasha ovyo. Mwambie mhudumu asishtuke. Kihisi huona joto linalosogea, hivyo jua la dirishani na paa la mabati huweza kukidanganya. Kivishe kipande cha bomba la PVC la inchi moja, urefu wa sentimita 8, kitazame eneo dogo tu mbele ya rekoda yake.

Rekoda sita za namna hii hula kama wati 15 kwa jumla. Betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7, ya kengele za wezi, pamoja na chaja yake, itakubeba saa tatu stima ikipotea. Upande wa ukutani tumia kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha stima.

Kuna bei ya kuacha kitufe kimebonyezwa: gurudumu la mpira likikandamizwa kwenye kapstani usiku kucha hupata kishimo, na kesho yake utasikia "dup, dup, dup" kila mzunguko. Jioni vitufe vyote vibonyezwe STOP. Hili liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa.

Chumba

Mita 24 za mraba zenye kuta za saruji na sakafu ya vigae, ukiwasha rekoda sita kwa pamoja, ni soko la Gikomba saa nne asubuhi. Panga vihisi ili zisisikike zaidi ya tatu kwa wakati mmoja, ukiziacha mbali kwa angalau mita 1.8. Sauti iwe desibeli 60 hadi 65 mita moja kutoka kwenye spika. Programu ya simu itakupa makadirio ya kutosha. Tumia spika za rekoda zenyewe. Hazina besi, na kwa sauti za watu hilo ni jema. Kupunguza mwangwi, ning'iniza mablanketi mazito au godoro la sponji lililofunikwa kitambaa, hasa kwenye kuta mbili zinazotazamana. Leso ni za macho tu, hazinywi sauti.

Rekoda za kuning'iniza zifungwe kwa waya wa chuma unaozunguka mwili mzima. Mpini wa plastiki wa zamani hukatika bila onyo.

Mwachie mhudumu sanduku: vitanzi 24 vya akiba kwa kila rekoda ya njia ndefu, vikiwa kwenye bahasha zenye namba, pamba, alkoholi, beliti mbili, wembe, na picha ya kila njia ya utepe ikiwa imepangwa sawasawa. Kila asubuhi hedi na kapstani zifutwe na vitanzi virefu vibadilishwe. Ni kazi ya dakika 20 mkono ukishazoea.

Ruhusa

Sauti za familia omba kwa waliomo walio hai. Vipindi vya redio ni jambo jingine: vya Voice of Kenya, ambayo tangu 1989 ni KBC, vina mwenyewe hata kama wewe ndiye uliyebonyeza kitufe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na ya wimbo wenyewe miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Muziki wa miaka ya 1980 kwenye kanda zako kwa hiyo bado umefungwa pande zote mbili. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ndiyo ofisi ya kuuliza. Rahisi zaidi ni kuchagua vitanzi vya watu wakiongea.

Zile rili mbili

Zimezoea stima ya ukutani, kwa hiyo hapa fundi wako awepo. Kwetu ni volti 240, hezi 50. Angalia kichagua-volti nyuma ya mashine. Mashine ya Marekani ya volti 117 hata ikipewa transfoma, kama mota yake inafuata hezi itazunguka kwa kasi ya tano kwa sita, na sauti itashuka karibu nusu toni tatu. Mara ya kwanza iwashwe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo: balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Kapasita za karatasi zilizo kwenye njia ya stima zibadilishwe bila kusubiri zipasuke. Utepe wa rili unaolia kama mlango unapocheza umenyonya unyevu kwenye gundi yake, usiulazimishe.

Zikiwa nzima, zifanye mashine ya kuchelewesha: ya kwanza inarekodi kutoka maikrofoni, utepe unavuka hewani hadi ya pili inayocheza, na mgeni anasikia maneno yake yakirudi. Umbali wa mita 1.9 kati ya hedi na hedi ni sekunde 10 kwa kasi ya sentimita 19, na sekunde 20 kwa sentimita 9.5. Zote mbili ziwe kwenye kasi ile ile na kimo kile kile. Rili ya sentimita 18 yenye utepe wa mita 360 hudumu kama saa moja kwa kasi ndogo, hivyo mtu lazima awepo kuirudisha. Spika itazame mbali na maikrofoni, la sivyo sauti itajizunguka hadi ipige yowe. Na kwa kuwa unarekodi wageni, weka tangazo mlangoni kabla hawajafungua kinywa, useme sauti zao zitafutwa kila jioni, na uzifute kweli: sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahusu sauti za watu pia. Muda ukikubana, hiki ndicho kipande cha kuacha. Zile rekoda sita zinatosha kujaza chumba.